Nyumba ya Marehemu Mwandishi

Kijiko kiligonga ukingo wa kikombe, kikanyamaza, kisha kikagonga tena. Katika giza la alfajiri mwanamke aliyelala kitandani alifumbua macho lakini hakugeuka. Alikuwa amejifunza kumsikiliza mumewe kwa mgongo. Alisikia kifuniko cha kopo la sukari kikifunguliwa, kijiko kikichota na kukoroga, kisha kimya cha mtu anayeonja, halafu kifuniko tena. Mumewe alikuwa akiitafuta sukari ndani ya chai, na sukari ilikuwa ikimkimbia.

"Acha sasa, mzee wangu," alisema bado ameupa ukuta uso. "Hiyo si chai tena, ni uji."

"Nilidhani umelala."

"Nimelala. Anayesema ni mwingine."

Mume alicheka kicheko kifupi kilichoishia kwenye kikohozi, naye mke akaibana shuka kwa ngumi mpaka kikohozi kilipopita. Nyumba ya wageni waliyofikia ilikuwa na kuta nyembamba. Chumba cha pili mtu aligeuka kitandani, akaguna, akanyamaza. Hakugonga ukuta. Mke alimshukuru moyoni mtu huyo ambaye hakuwahi kumwona.

Mtaani kwao watu waliwaita Nukta na Mkato, na majina hayo yaliwakaa kuliko yale waliyopewa na wazazi. Mume alifanya kazi ya kusoma prufu katika kiwanda cha kuchapa vitabu tangu ujana hadi alipostaafu. Kila kitabu kilipita mbele ya macho yake kabla ya kuchapwa, naye alitoa makosa kama mtu anayechambua mchele. Kosa likimponyoka likachapwa, aliandika kikaratasi cha masahihisho cha kubandikwa mwanzoni mwa kitabu: badala ya hili, soma lile. Maneno yake yalikuwa machache na kila sentensi aliifunga. Mke alikuwa fundi cherehani. Waliomwita Mkato walikuwa na sababu mbili. Ya kwanza, hakuna aliyejua kukata kitambaa kama yeye. Ya pili, mazungumzo yake hayakuwa na mwisho. Palipostahili nukta, yeye aliweka mkato akaendelea.

"Mungu anajua kupanga," majirani walisema. "Wangeoana Mkato na Mkato, nani angelala mtaa huu?"

Hata ugomvi wao ulikuwa na desturi yake. Nukta akikasirika alitoka nje, akazunguka nyumba, akarudi na kusimama mlangoni pa chumba cha kushonea. "Badala ya 'mkaidi'," alisema, "soma 'mpenzi'." Na Mkato, hata kama alikuwa ameapa kutozungumza naye mpaka kiyama, alicheka na sindano mdomoni.

Sasa Nukta alikuwa mgonjwa. Ugonjwa ulianzia kifuani kama kikohozi cha vumbi la karatasi, na kila mtu aliuchukulia hivyo mpaka wakawa wamechelewa. Dawa walizomtundikia hospitali zilimnyoa nywele, zikamdhoofisha miguu, mwisho zikamwibia ulimi. Kila alichokula kilikuwa na ladha ya msumari. Kisha daktari wake, kijana ambaye kila mara alivuta kiti akakaa kabla ya kuwaambia jambo gumu, aliwaeleza kwamba kuna duru nyingine ya dawa. Hakuahidi kupona. Alisema huenda ikamwongezea muda.

"Asante, daktari," Nukta alisema. "Nimechoka." Akavaa kofia yake.

Mkato hakulala usiku ule. Jirani mmoja aliposikia habari alinong'ona, "Sikio la kufa halisikii dawa," na Mkato akamfungia mlango mwanamke waliyeazimana chumvi tangu ujana wao. Asubuhi akaja na shauri lake.

"Usinijibu leo. Wala kesho. Twende kwanza ile safari yetu, halafu siku ya mwisho, kabla hatujarudi, ndiyo unijibu kama utaanza tena dawa."

"Na nikisema hapana?"

"Safari kwanza."

Safari yenyewe waliahidiana walipokuwa wachumba. Nukta alitaka kuona nyumba walizoishi waandishi ambao vitabu vyao alivisoma mpaka nukta ya mwisho. Mkato alitaka kuona mizabibu. Maisha yake yote alidarizi vishada vya zabibu kwenye pembe za vitambaa vya meza vya maharusi, akifuata mchoro aliorithi kwa mama yake, wala hakuwahi kuuona mzabibu kwa macho. "Nimeshona zabibu za kulewesha mji mzima," alizoea kusema, "na hata jani lake silijui." Basi wakapatana: nyumba moja ya mwandishi, kisha shamba moja la mvinyo, mpaka siku zao ziishe.

Zikawa zinaisha. Mizabibu, kumbe, ilikuwa mifupi, imenyoshwa mikono na kufungwa kwenye waya. Siku ya kwanza Mkato alishika jani akaligeuza huku na huku.

"Lina meno!" alisema. "Mimi nimelishona duara miaka yote. Nimewadanganya maharusi wote wa mji, Nukta!"

"Kosa la chapa," Nukta alisema. "Ndoa zilidumu."

Katika nyumba za waandishi hapakuwa na cha kushika. Kila chumba kilikuwa na kamba mlangoni na kibao cha usiguse. Nukta alisimama nyuma ya kamba na kumuuliza mwongozaji swali lilelile: neno la mwisho aliloandika lilikuwa lipi? Waongozaji hawakujua. Walijua bei ya saa ya ukutani na mwaka ambao paa lilivuja.

"Umeona vitanda vyao?" alimnong'oneza mkewe wakitoka. "Vyote vifupi. Umaarufu hula miguu."

Alitania, lakini Mkato aliona jinsi alivyoshika ukuta kwenye ngazi. Na kwenye viwanda vya mvinyo aliona zaidi. Wageni wengine walizungusha bilauri, wakanusa, wakatema kwenye ndoo, wakasema maneno makubwa. Nukta alizungusha kama wao. Msichana aliyewamiminia alimuuliza, kwa heshima, anasikia ladha gani.

"Msumari, binti yangu."

Wageni wakacheka, wakidhani ni mzaha. Msichana hakucheka. Aliitazama ile kofia iliyovutwa mpaka masikioni, akaondoka, akarudi na maji ya uvuguvugu yenye kipande cha ndimu, akayaweka mbele ya Nukta bila kusema neno; na alipopita tena alisukuma kiti kwa goti, kikafika nyuma ya mzee kama kimekuja chenyewe. Nukta alikunywa yale maji. "Hii naisikia," alisema, na macho yake yakalowa. Mkato aliutia uso wa yule msichana moyoni mwake pamoja na ule wa daktari.

Ndivyo ilivyokuwa mpaka alfajiri hii ya kijiko na kikombe. Ilikuwa siku ya mwisho.

Mwanga ulipoanza kuingia, simu ya Mkato ilitetemeka chini ya mto. Alikuwa binti yao, mtoto wao wa pekee. Mkato alitoka nayo ukumbini.

"Mama, amesemaje?"

"Bado."

"Si leo ndiyo siku yenyewe?"

"Hata jua halijatoka, mwanangu. Nimempangia nyumba ya mwisho. Ile. Akikaa mbele ya meza ya yule mtu atapata nguvu, utaona, atakumbuka kuwa bado anapenda vitu, na mtu anayependa vitu hawezi kusema hapana."

"Mama, usimlazimishe."

"Nani anamlazimisha? Namwomba tu kwa nguvu."

Binti akasema, kwa sauti ndogo kama ya utotoni, "Mwombe na kwa ajili yangu basi."

Ile nyumba Nukta aliijua kwa habari tu. Kati ya waandishi wote aliowasoma, mmoja ndiye aliyewahi kushuka hadi chumba cha prufu, chumba cha chini kisicho na dirisha, akauliza, "Nani aliyenisomea?" Nukta aliposimama, mwandishi alimpa mkono uliojaa wino, akasema, "Umeniokoa na aibu nyingi." Akapanda ngazi akaenda zake. Hadithi hiyo Nukta aliisimulia kila walipopata mgeni, na kila aliposimulia alitazama kiganja chake. Nyumba ya mtu huyo ilikuwa kilimani, juu ya shamba kubwa la mizabibu, na ilikuwa ikifungwa mapema alasiri.

Walifika shambani jua likiwa limekwisha kupanda. Walionja kidogo, yaani Mkato alionja, Nukta akashika bilauri. Kisha wakatoka kuelekea getini, Nukta akihema kila baada ya hatua chache na kujifanya anatazama mandhari. Mlinzi aliinuka kwenye kigoda chake.

"Shikamooni, wazee wangu. Mmepotea?"

"Marahaba, baba. Hatujapotea, ndiyo tunaanza," Mkato alisema. "Tunaitafuta nyumba ya marehemu mwandishi."

Uso wa mlinzi ulichanua. "Ya Mwandishi! Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa watu yule. Shukeni na ukuta huu, mkiyapita yale mapipa mabovu mtaona mlango wa kijani. Mkewe yupo. Atafurahi huyo!"

Nukta alikunja uso. "Mkewe? Nilisoma kwamba hakuoa."

"Ulisoma kwenye gazeti," Mkato alisema. "Si wewe unayesema gazeti halina msahihishaji?"

"Na nilidhani nyumba iko juu."

Mkato alitazama juu. Njia ya kilimani ilikuwa ya mawe, imepinda kama utumbo. Alitazama chini, njia tambarare yenye kivuli cha ukuta, kisha akayatazama mabega ya mumewe yakipanda na kushuka. Moyo wake ukakata shauri kabla ya akili.

"Mwenyeji amesema chini," alisema, akamshika mkono. "Twende."

Mlango wa kijani haukuwa na bango wala mtu wa kukata tiketi. Mkato alibisha hodi. Mwanamke aliyefungua alikuwa na umri wa kuwazidi wote wawili, mikono yake imejaa povu la sabuni hadi viwikoni.

"Samahani, dada, kama tunakusumbua. Tumekuja kwa ajili ya marehemu mwandishi."

Yule mwanamke aliwatazama, akautazama mkono wa Mkato uliomshika Nukta kwapani. Alijifuta mikono kwenye aproni, kidole kimoja kimoja.

"Mwandishi wangu?"

"Ndiyo, dada."

"Mmetoka mbali?"

"Mbali sana."

"Basi ingieni. Sijafagia, lakini ni nyumba ya watu."

Ndani palikuwa na chumba kimoja kikubwa. Karibu na dirisha palikuwa na meza ndogo, juu yake kopo la penseli zilizochongwa kwa kisu, na mbele yake kiti chenye mto uliolalia upande mmoja. Nukta alisimama nyuma ya kiti, akitafuta kamba kwa macho.

"Kaa, kaka," mjane alisema.

"Hapa?"

"Ni kiti hicho, si kaburi. Kaa."

Nukta alikaa. Mkato alimwona akiweka viganja vyote viwili juu ya meza, akiupapasa ubao polepole kama mtu anayepapasa mgongo wa ng'ombe. Katika safari nzima ilikuwa mara ya kwanza kuruhusiwa kugusa. Rangi kidogo ilimrudia mashavuni, na Mkato akasema kimoyomoyo: sasa. Sasa atakubali.

"Aliandika mpaka siku za mwisho?" Nukta aliuliza.

"Mpaka macho yakamshinda. Lakini mwandiko haukutetereka."

"Na neno la mwisho aliloandika?"

Mjane hakufikiri hata kidogo. "'Tupu.'"

Nukta alifumba macho. "Tupu," alirudia. "Neno moja tu. Lakini zito."

"Zito wapi, kaka? Kreti lenyewe halikuwa na kitu."

Nukta alifumbua macho.

"Kreti?" Mkato aliuliza.

"La zabibu. Yeye kazi yake ilikuwa pale kwenye mizani ya shamba. Kreti likija limejaa anaandika uzito. Likirudi halina kitu anaandika 'tupu' kwa chaki. Wavunaji wote hawakumjua kwa jina jingine, ni Mwandishi, Mwandishi, hata mimi nikawa Mama Mwandishi, na hatukujaliwa mtoto."

Mkato alielewa. Mwandishi. Karani wa mizani! Alitazama nje ya dirisha, na huko juu kilimani, wazi kabisa, aliiona nyumba nyeupe yenye bango, na wageni wakipanda kwa mstari. Jua lilikuwa limeanza kuinama. Hata wangeondoka dakika hiyo, miguu ya Nukta isingewahi.

Kisha akamwogopa mumewe. Maana Nukta hakuwahi kuona kosa akalipita. Kwenye sherehe yake ya kustaafu waliandika "Hogera" kwenye keki, naye, mbele ya mkurugenzi, aliomba kisu na kula lile kosa kwanza. Kwenye msiba wa mama mkwe wake aliomba kalamu arekebishe tangazo, na ukoo mzima haukumsemesha hadi arobaini. Sasa alifungua mdomo. Alitazama dirishani, akaiona nyumba nyeupe. Mkato aliona kwamba ameiona. Alikitazama kiganja chake, kile cha wino, kwa muda. Kisha akaufunga mdomo, akaufungua tena.

"Mwandiko wake ukoje, dada? Ningependa kuuona."

Mjane aliingia chumba cha ndani akarudi na ubao wa kreti uliofungwa kwenye kitambaa safi. Aliufungua juu ya meza. Herufi nne za chaki, kubwa, zilizonyooka: TUPU. Nukta aliinama, akapitisha kidole chini ya kila herufi bila kuigusa, kama alivyofanya maisha yake yote.

"Nimesoma kazi za wengi," alisema, "na wengine wao ni wakubwa. Sikumbuki ukurasa uliokosa kosa. Huu hauna."

Mjane alicheka, akaendelea kucheka mpaka akashika kingo za aproni na kujifuta macho. "Angekusikia! Yeye alikuwa akiniambia, mke wangu, watu wanakula zabibu, hakuna anayekula uzito."

Akawapikia chai. Mkato alimsaidia kuosha vikombe, na wakaongea ya wanawake: maji, mgongo, sabuni isiyotoa povu siku hizi. Ilikuwa kama nyumbani. Kwa kitambo Mkato alisahau siku. Ni Nukta aliyeikumbusha, pale kwenye kiti, akiuliza kwa sauti ya kawaida tu, "Aliugua, marehemu?"

"Aliugua, kaka. Tumbo. Mimi sikukubali. Nilimpeleka hospitali, akarudi, nikampeleka tena. Yeye alitaka kukaa hapo ulipokaa, asikie makreti yakipita. Mimi nikasema hapana, utapona, twende. Kila aliporudi alikuwa amepungua kitu. Mwisho nilimpeleka akiwa hanijui. Aliniita nesi." Mjane alikizungusha kikombe chake. "Walikuwa watu wema, wale manesi. Mmoja alimwitikia kwa jina langu ili atulie. Lakini hakufia kwenye kiti chake. Alifia kwenye chumba cha watu wengi, anamtafuta mkewe, na mkewe nimesimama pale pale."

Mkato alitamani kusema inatosha. Alitamani kumwaga chai, kuangusha kikombe, lolote. Lakini Nukta alikuwa ameshainua mkono, na polepole, kama mtu anayeingia ndani ya nyumba ya ibada, akaivua kofia yake. Akaiweka mezani kando ya ule ubao. Kichwa chake kiling'aa katika mwanga wa dirisha, kidogo, kikavu, kama cha mtoto mchanga.

Mjane aliziba mdomo. "Nisamehe, kaka. Mdomo wangu hauna mlango."

"Endelea, dada," Nukta alisema. "Nilikuwa namtafuta mtu wa kunisomea ukurasa huo."

"Hakuna zaidi. Ningemwacha kwenye kiti. Ndilo hilo tu ninaloliwaza nikifua."

Hakuna aliyemtazama Mkato. Alisimama pale na kitambaa cha kufutia vikombe mkononi, akikikunja pembe kwa pembe, akikikunjua. Alikuwa amempangia mumewe nyumba ya mwandishi ampe sababu ya kuishi. Yeye mwenyewe, kwa mdomo wake, aliuliza njia. Yeye mwenyewe, kwa kumhurumia kifua, alichagua njia tambarare. La kuvunda halina ubani, alikuwa akisema mama yake, na leo aliyamiminia maji makaa ya ubani wake kwa mkono wake. Aliugeukia ukuta akaning'iniza kitambaa, akachelewa kugeuka.

Walipoaga, mjane aliwasindikiza hadi mlangoni.

"Mje tena," alisema. "Wakati wa mavuno. Kunakuwa na kelele nzuri. Nyote wawili mje."

"Tutakuja," Nukta alisema.

Mkato alishtuka. Nukta hakuwahi kumwahidi mtu jambo asilolijua. Hata mtoto wao alipokuwa mdogo, akilia kwa jino, hakumwambia litapona sasa hivi, alimwambia halijulikani. Na huyu sasa amesema tutakuja, kwa upole, bila kupepesa macho.

Walitembea na ukuta. Upepo mdogo ulipita kwenye mizabibu, majani yenye meno yakageuka yote kwa pamoja. Kule juu mtu alikuwa akifunga madirisha ya nyumba nyeupe, moja baada ya jingine.

"Umeikosa meza yake," Mkato alisema. Sauti yake haikuwa na nguvu. "Ni kosa langu. Nilikuonea huruma kilima."

"Nimekalia kiti. Kule wasingeniruhusu."

Wakaenda kidogo. Nukta alisimama, akashika jiwe la ukuta, akahema. Mkato alimngoja. Alijua ameshajibiwa, lakini mtu anayezama hushika hata povu.

"Umemwahidi yule dada tutakuja," alisema. "Sasa tutakuja vipi usipotumia dawa? Mavuno ni mwakani. Ukianza wiki ijayo, daktari alisema, si alisema, na mimi nitakupikia kila kitu kwa ndimu, ndimu unaisikia, nitaweka hata kwenye uji, na binti atakuja kukaa, na..."

"Mkato."

Nukta alimtazama kwa macho yale aliyomtazama nayo miaka yote akiwa amesimama mlangoni pa chumba cha kushonea, baada ya kuizunguka nyumba.

"Nilipomwambia yule dada," alisema. "Badala ya 'tutakuja', soma 'utakuja'."

Herufi moja tu. Mkato aliisikia ikidondoka. Hakulia, maana kulia kulitaka pumzi, nayo hakuwa nayo. Alimkamata mumewe kiunoni kwa mikono miwili, kama anavyompima mteja wa suruali, na akagundua jinsi mikono yake ilivyokutana kwa urahisi mgongoni. Alitafuta neno la kuweka, mkato wowote, ili sentensi isiishe. Hakulipata. Wakasimama hivyo kando ya ukuta, na vibarua wawili wa shamba waliokuwa wakipanda njia wakavuka upande wa pili, wakageuza nyuso ili wasiwaone. Hata hilo Mkato aliliona.

Nyuma yao zilisikika kandambili zikikimbia.

"Kaka! Kofia!"

Alikuwa mjane, anahema, kofia kaishika kwa mikono miwili kama bakuli lililojaa. Hakumpa Nukta mkononi. Alimvisha mwenyewe, akaivuta ikafika masikioni, akainyoosha ukingo, taratibu, kama mtu aliyewahi kufanya kazi hiyo.

"Yule mliyekuwa mkimtafuta anakaa juu, kwenye kamba," alisema. "Wanapotea wengi. Wakigundua huomba radhi mlangoni wakaenda zao. Nyinyi mmekunywa chai."

"Chai ilikuwa nzuri," Nukta alisema.

"Haikuwa na sukari. Iliniishia tangu juzi. Nilikuuliza kama ni tamu ukasema tamu."

Nukta akacheka, kicheko kifupi, na safari hii kikohozi hakikukifuata. Alianza kwenda mbele peke yake, mkono ukutani, akiwaachia wanawake nafasi. Mjane alimtazama mpaka alipoyapita mapipa mabovu. Kisha akaushika mkono wa Mkato, ule wa sindano, akakipapasa kidole chenye sugu.

"Mimi sitoki," alisema polepole. "Mlango ni huo huo wa kijani. Uje tena, mdogo wangu."